Difu ya Ng'ambo

Gari la dada yangu liligharimu ng'ombe wawili, cherehani moja, miezi saba, na injini nzima ambayo haikuwa na ubaya wowote. Nimehesabu mara mbili. Ng'ombe walikuwa wangu, cherehani ya mke wangu. Injini ilikuwa ya dada.

Lilikuwa gari dogo la milango mitatu, wa tatu ukiwa nyuma. Mume wake alilinunua Sudan, likiwa limekwisha kuchakaa, wakati tukiwa wakimbizi. Tuliporudi Koboko mume hakuwapo tena duniani, na dada akajifunza kuliendesha mwenyewe. Alipeleka samaki wakavu na sabuni kwenye masoko ya Abuku na Lurujo. Kiangazi hakikumsumbua. Mvua zikianza, magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo pekee yaliyovuta, yalizunguka matopeni, naye akashinda njiani huku wenye malori wakimpita kwenda kuwauzia wateja wake.

"Mvua moja tena kama hii, mimi naacha soko," aliniambia. "Watoto watakula nini, mimi hapana jua. Wewe iko unajua kununua vitu. Tafuta dawa."

Dawa niliiona Pajulu, kwa muuza vyuma mmoja: gari la ukoo uleule, ila jipya zaidi, ambalo mgeni fulani alikuwa amelipindua. Injini yake ilikuwa na tabo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani, na gia boksi yake ilipeleka nguvu hadi magurudumu ya nyuma. Fundi wangu wa Arua aliingia chini yake, akakaa sana, akatoka na uso wa mtu aliyeshiba.

"Itaingia," alisema. "Tunakata sakafu, tunapitisha propela, ile chuma ndefu ya kuzungusha nyuma, tanki ya petroli tunasogeza. Lakini chukua zote, mzee. Injini, gia boksi, na difu ya nyuma. Hizi zimezoeana."

Muuza vyuma alisikia. Injini na gia boksi aliniachia kwa ng'ombe wangu wawili. Difu, lile bakuli la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, akaitakia wa tatu.

"Ng'ombe kwa chuma iko na kutu?"

"Kutu iko nje. Ndani iko safi kama sahani ya Idi."

"Basi kula juu yake."

Nikaondoka. Sokoni kwetu mnunuzi huondoka mara tatu, na muuzaji humwita mara tatu. Mara ya kwanza aliniita, mara ya pili aliniita. Mara ya tatu nilitembea polepole mpaka barabarani, nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, na sikusikia kitu. Kurudi bila kuitwa nilikuwa sijawahi. Watu walinijua kwa hilo.

Kwa hiyo nilivuka mpaka hadi Ariwara, nikapata difu nyingine iliyofanana na ile kama pacha, kwa bei ya cherehani ya mke wangu. Nilihesabu matundu ya bolti: manne. Nikahesabu tena: manne. Nikarudi nayo juu ya lori, siku mbili, nimeikumbatia kama mgonjwa.

"Umezungusha shafti?" fundi aliniuliza. "Lazima uhesabu inazunguka mara ngapi mpaka gurudumu imalize mara moja. Mbele na nyuma lazima iwe sawasawa."

Mgongo ulikuwa unaniuma. "Nimehesabu," nilisema. "Mara mbili."

Mtu mwingine yeyote angesema hivyo, fundi angezungusha mwenyewe. Kwangu mimi aliamini.

Injini ya zamani, iliyokuwa ikiwaka kila asubuhi bila kubembelezwa, nilimpa mtu wa Abuku mwenye kinu cha kusaga muhogo, naye akamlipa fundi kazi yake. Dada nilimwambia baadaye.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Barabara ya Koboko ni murami tupu, udongo mwekundu wa changarawe, na gari lilipanda matope ya Lurujo likipiga mluzi. Dada alicheka peke yake nyuma ya usukani, na mimi nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Sudan. Alifika sokoni kabla ya malori, masoko sita mfululizo.

Kisha akaja Arua kuchukua sabuni, akapanda kile kipande cha lami cha mjini. Kwenye kona gari likawa zito, likarukaruka kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Alikanyaga mafuta zaidi. Gia boksi ikapasuka kwa sauti moja tu.

Fundi aliinua gari, akachora alama kwa chaki, akazungusha shafti. Mbele, mara nne na zaidi kidogo. Nyuma, tatu na nusu.

"Nyuma inataka kufika Koboko, mbele bado inakunywa chai," alisema. "Kwenye murami gurudumu inateleza, hapana gombana. Kwenye lami nani atateleza?" Akanitazama. "Mzee, ulihesabu nini?"

"Bolti."

Akafuta mikono yake kwa muda mrefu, ingawa tambara lilikuwa chafu kuliko mikono.

Gia boksi kama ile haikupatikana tena, Pajulu wala ng'ambo. Dada hakunitukana. Alikaa juu ya katoni ya sabuni akiangalia mawingu upande wa Koboko.

"Nirudishie injini yangu," alisema. "Ile ndogo. Itanitosha."

Nilikwenda Abuku. Injini ilikuwa chini ya paa la mabati, inanguruma taratibu, na wanawake wamepanga mabeseni ya muhogo mpaka nje. Nilihesabu thelathini na moja. Nikahesabu tena. Mwenye kinu alinipungia mkono kwa furaha, nami nikampungia, nikaondoka kama mtu aliyekuwa anapita tu.

Fundi nilimkuta bado chini ya gari. Nilichuchumaa karibu na miguu yake.

"Ndugu," nilimwambia, "wewe umewahi kurudi kwa mtu bila kuitwa? Nishauri. Unaanza na neno gani?"