Baba Alisema "Sanduku Langu", Mimi Nikasikia la Nguo

Wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, nina watoto watano, naishi Mwankoko hapa Singida. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mnivumilie. Nashukuru ukurasa huu wa gazeti umekubali kuficha jina langu, maana nikijulikana kabla sijaamua, kwetu patawaka moto.

Baba yangu hakuwa mtu wa huku. Alitoka Burundi akiwa kijana hata ndevu hazijaota, yeye, kaka yake na wenzao, kwa miguu, wakitafuta kazi. Akafika Itigi, akajifunza useremala, akaoa mama yetu Mnyaturu. Mbao alizipenda kuliko chakula. Ubao wa mninga ataunusa kwanza, ataugonga kwa kidole asikilize, ndipo ashike randa. Watu wakimtania, mzee, leo ubao umekuambia nini, anawajibu, "Umesema mnapiga kelele."

Mama yetu alifariki tukiwa wadogo, baba akaoa mama mdogo, ndiye aliyetulea.

Chumbani kwa baba palikuwa na sanduku refu la mninga, ameliunga lote kwa ndimi za mbao, msumari hakuna hata mmoja. Ndani nguo mbili tatu tu. Tukimuuliza mbona refu hivyo anacheka, anasema mtu mrefu ana suruali ndefu. Siku zote aliliita "sanduku langu". Sisi tukajua ni la nguo, la nini tena?

Basi yalipokuja mambo ya ruksa, kila mtu kuruhusiwa biashara, mume wangu akapunguzwa kazini. Mtaa mzima watu wanafungua viduka, na sisi tukasema tufungue. Meza ya kuuzia hatuna, mbao hazishikiki bei. Nikakumbuka sanduku la baba. Nikaenda Itigi, nikamwomba.

Akasema, "Sanduku langu, mama?" Mimi huyo nikamwambia kwa furaha kabisa, nguo zako baba nitakuletea begi zuri, siku hizi yamejaa sokoni. Mama mdogo akainuka akatoka nje. Moyoni nikasema, huyu ana choyo. Baba akaniangalia, akacheka. "Haya. Chukua mama, watoto wapate kula."

Mume wangu alilikata kwa msumeno katikati, likawa meza ya duka. Baba alipokuja kutusalimia alilipapasa kwa kiganja, maana macho yalishaanza kuingia ukungu. Aliomba randa kwa jirani, akalainisha pale lilipokatwa, akasema watoto wasije wakachomwa na vibanzi. Nikamletea chai.

Mwaka huu baba amefariki. Tulimnunulia jeneza la msonobari, jepesi, limepigwa misumari kama kreti la soda. Udongo wa kwanza ulipoanguka tukasikia ubao unalia, paa. Fundi mbao mzima.

Tuliporudi msibani, mzee mmoja Mrundi aliyekuja na baba enzi hizo akauliza, sanduku lake mmelipeleka wapi? Tukamshangaa. Ndipo akatueleza kwamba kwa lugha yao sanduku la nguo na la maiti ni neno moja. Kwamba kaka yake baba alifia njiani kwa homa, wakamzika kwa mkeka, hapakuwa na hata kipande cha ubao, na baba aliuona udongo ukimwangukia usoni. Ndiyo maana alijifunza useremala. Lile sanduku alijipima mwenyewe, akalala ndani, mzee huyu akamfunikia kifuniko wakacheka.

Kabla sijafungua mdomo, mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi Mwanza na hakuwepo siku ile nilipolichukua, akamgeukia mama mdogo mbele za watu: "Umeuza jeneza la baba yetu." Mama mdogo akanitazama mara moja, akainamisha kichwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwacha abebe lawama.

Baadaye nilimfuata jikoni nikapiga magoti. Akaniinua, akasema, "Nyamaza mwanangu. Nilitaka kukwambia siku ile ile, baba yako akanikataza. Alisema ukijua hutakula tena kwenye lile duka."

Sasa mdogo wangu ameitisha kikao cha ukoo siku ya kuanua matanga. Anataka mama mdogo arudishwe kwao Rungwa na nyumba ifungwe. Kwao hakubaki mtu. Nimeambiwa mama mdogo ameshaanza kufunga vyombo vyake, na anamwambia kila mtu kwamba ni yeye aliyeuza.

Duka bado lipo. Kila mtoto akija kununua chumvi naiweka juu ya mbao zile, kisha napapasa pale baba alipopiga randa. Mume wangu anasema marehemu alikwisha kataza, niheshimu neno lake. Mimi naona neno hilo linamtupa nje mama aliyenilea. Na nikisema, ndugu zangu watajua nilimnyang'anya baba kitanda chake cha mwisho, tena nikiwa nacheka.

Kina mama, na ninyi wazee mliozika wazazi, kikao ni Jumapili hii ijayo. Nisimame niseme, au nimtii baba? Nisaidieni, mwenzenu silali.