Mpira wa Nazi, Siku ya Idi Mosi

Timu yetu ya mtaani haikuwa na viatu, ila jezi tulikuwa nazo. Nahodha wetu alikuwa fundi cherehani, akazishona mwenyewe kwa vipande vya kitambaa cha marekani vilivyobaki dukani, mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mimi nilikuwa golikipa. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, lakini nikisimama golini nilijiona niko mbele ya watu elfu kumi, na wote wananishangilia mimi.

Mwaka huo binti wa nahodha, mtoto wa miaka sita, alivimba taya. Tulidhani jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukazidi, mpaka jicho la upande ule likaanza kusukumwa juu. Daktari aliyemwona akasema ni saratani, apelekwe Dar es Salaam upesi. Mtaani wakasema yao. Ni jini, walisema, na akina mama wakawa wanawaita watoto wao ndani kila binti akitoka uani. Bibi yake, mama mzazi wa nahodha, akamfunga kanga usoni na kumkataza kutoka.

"Na Dar haendi," alisema bibi. "Unataka akafie kwa watu asiowajua?"

"Nisamehe mama. Nikipata nauli na chakula cha kukaa naye kule, nitampeleka."

"Haya, ukipata!"

Basi tukaamua atapata. Tukaandaa mashindano Idi mosi, tukazialika timu za Kerege na Miono. Kiingilio kilikuwa nazi moja kwa kila mtu, maana wenye fedha walikuwa wachache lakini minazi haikosekani. Mwenye duka la mbata, zile nazi za kukausha, aliahidi kuzinunua zote. Tena lori lake, ambalo lingeondoka kwenda Dar alfajiri ya siku ya pili yake, lingemchukua mtoto na baba yake.

Kosa letu lilikuwa la mwezi. Tulisema Idi mosi, hatukusema Idi ya nani. Kwetu mjini mwezi ulionekana, Miono kukawa na mawingu. Lori lile lilipofika Miono kuwachukua wachezaji liliwakuta wamefunga, na wakaja hivyo hivyo. Mimi na pilau yangu tumboni nikamkimbilia nahodha wao.

"Mkono wa Idi, kaka!"

Akaurudisha mkono wangu taratibu. "Idi gani? Sisi leo thelathini."

"Mwezi umeonekana jana!"

"Umeuona wewe?"

Sikuuona. Nilikuwa najipima kanzu mpya.

"Basi tungoje kesho mle kwanza," alisema beki wetu kwa huruma.

"Kesho si lori linaondoka na mtoto?" nahodha wa Miono akamjibu. "Tuonyesheni goli liko wapi. Tutacheza na saumu zetu, na tutawafunga."

Hapo ndipo nahodha wetu alipoingia kiwanjani amemshika binti yake mkono, uso wazi, hana kanga. Bibi anakuja nyuma anamwita arudi.

"Mfunikeni huyo!" mtu mmoja akapiga kelele. "Hapa kuna wajawazito!"

Sijui sauti niliitoa wapi, maana mimi si mtu wa ugomvi. "Asiyetaka kumwona afumbe macho! Leo mpira ni wake!"

Nahodha wa Miono, midomo imemkauka, akaenda kuchuchumaa mbele ya mtoto.

"Hujambo, bibie?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Leo nani atashinda?"

Binti akamtazama. "Nyinyi hamjala. Atashinda baba."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikatufungua sote. Binti akawekewa mpira, akaupiga, ukaenda hatua mbili tatu, tukashangilia kama umeingia golini. Waliokuwa barabarani wakaja kuuliza kuna nini, wakarudi kuleta nazi zao. Miono walitufunga mbili kwa moja, la pili likinipita katikati ya miguu, kisha wakawafunga na Kerege. Watu wenye njaa!

Jioni, rundo la nazi lilipokuwa linapakiwa, bibi alikuja na nazi yake mkononi. Akaiweka.

"Nami nimetazama," alimwambia mwanawe. Halafu akauliza, "Gauni lipi atavaa safarini?"

Binti alikaa hospitali miezi miwili. Uvimbe ulipungua, ukarudi, akafariki mikononi mwa baba yake. Nililia sana, siwezi kuficha. Na mtaani wakaja na maneno yao: si tuliwaambia? Aliyewajibu ni bibi, kwenye matanga, mbele ya watu wote.

"Mjukuu wangu ametibiwa. Mnaowaficha nyinyi, nani anawatibu?"

Wiki chache baadaye mama mmoja wa Kerege alimleta mwanawe kwa nahodha, taya limevimba vile vile, akauliza daktari yule anapatikana wapi. Nahodha alisimamisha cherehani, akampeleka mwenyewe.

Wazee wengine wametuambia tusirudie tena mashindano yale, eti yana nuksi. Tumewaitikia kwa heshima zote. Jumamosi tunafyeka kiwanja.