Modesta Alivyomtoa Mtoto Nje Kabla ya Kitovu Kudondoka

Pale Mkolani, ukimtaja Mama Deo, kila mtu alijua unamsema Modesta, fundi cherehani. Deo mwenyewe ni wachache waliomwona. Aliishi siku sita, akageuka njano, akalala asiamke tena, Mungu akamchukua. Tangu hapo Modesta hakuweza kukutana na kichanga bila kumtazama nyayo.

Ndiyo maana alipofika kwa Annet, binti wa kaka yake, siku ya nne baada ya kujifungua, hakuketi.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Odeta, mama mkwe wa Annet, aliyekuja kutoka Sengerema kumhudumia mzazi.

"Marahaba, Mama Deo. Usiongee kwa sauti, mjukuu wangu kalala. Mtoto mpole huyu! Hata njaa haimsumbui."

Modesta akamgeukia Annet.

"Amenyonya lini?"

"Jana jioni, shangazi," Annet alijibu. "Nikimpa ziwa anasinzia."

Nesi alikuwa amewaambia wamrudishe mtoto siku ya tatu atazamwe. Odeta alikataa, kwao mtoto hatoki nje kabla kitovu hakijadondoka. Chumba kilikuwa giza. Modesta akavuta pazia, akambonyeza mtoto kwenye paji la uso. Alipoachia kidole, ngozi ilibaki njano. Akafungua nepi. Tumbo njano. Nyayo nazo njano.

"Huyu anakwenda hospitali sasa hivi."

"Na kitovu? Na macho ya watu? Kila asubuhi nimemwotesha jua hapo dirishani!"

"Hata Deo nilimwotesha jua, mama."

Odeta akachukua kitenge.

"Basi nitambeba mimi. Nitamfunika asionwe na mtu."

"Mfunike. Pua tu umwachie."

Ndani ya bajaji Modesta alikuwa akimgusagusa mtoto nyayo ili akunje mguu. Alianza Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza upya. Mara ya tatu mguu haukukunjwa.

"Dereva, ongeza mwendo, mwanangu!"

Hospitalini hawakupangwa foleni. Mtoto alichukuliwa damu, akafunikwa macho, akalazwa uchi chini ya taa za bluu. Daktari aliwaeleza kwamba manjano yakizidi huingia kwenye ubongo, na kwamba jua la dirishani halifanyi kazi ya taa zile. Annet akawa anakamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe, usiku na mchana.

Kesho yake damu ilipimwa tena. Wanawake watatu walisimama wakimtazama nesi mdomoni.

"Kipimo kimeshuka," alisema. "Ila bado hatumtoi."

Odeta akapiga magoti palepale sakafuni, akamshukuru Mungu kwa Kisukuma. Modesta hakupiga magoti.

"Kimeshuka kutoka ngapi hadi ngapi, sista?"

Nesi akamtajia.

"Hebu rudia tena, taratibu."

Akarudia. Ndipo Modesta alipotafuta kiti, akakaa.