Pikapu ya Royce Tiernan

Royce Tiernan ni mbishi, na simsengenyi. Nimepakana naye senyenge miaka mingi, nimemwambia mwenyewe usoni. Huku nyuma ya Bourke, ndani kabisa ya Australia, kila ukoo una aina yake ya pikapu kama ulivyo na kanisa lake. Kina Tiernan ni watu wa Kestrel tangu enzi za baba yao. Mtu anayeendesha Tamora, kwa Royce, ni wa mjini aliyepotea njia, na atamwambia hivyo hivyo huku akimsaidia kubadilisha tairi.

Mwaka ule wa ukame Kestrel yake ikaua giaboksi barabarani, trela la ng'ombe likiwa nyuma. Jamani, wakati gani huo wa gari kufa! Mifugo yote alishauza, trekta alishauza, amebakiza majike arobaini tu, uzao ulioanzishwa na bibi yake. Lambo lilikuwa limeanza kugeuka tope. Ng'ombe aliyekonda akiingia kwenye tope kutafuta maji, hatoki.

Dada yake alikuwa na majani kule milimani, akasema walete. Kilichotakiwa ni gari la kuwavuta, wachache wachache. Malori ya kukodi hayakupatikana, na majirani wenye magari ya maana walikuwa barabarani na mifugo yao wenyewe. La kwetu halivuti hata mbuzi. Tena lilitakiwa la milango minne, maana wajukuu zake wawili walikuwa wakiishi kwake na lazima wafikishwe kwenye basi la shule.

Sasa sikiliza ukaidi. Noelene Strachan alikuwa amefiwa na mumewe Barry na anafunga shamba, vitu vyake vipigwe mnada. Alikuwa na pikapu mbili za milango minne: Tamora aliyokuwa akiendesha yeye, na Kestrel ya marehemu. Akampigia Royce simu, akamwambia njoo uchukue Tamora leo hii, imetunzwa, inavuta. Royce akashukuru, akasema ataiangalia siku ya mnada. Hakumwambia kwamba anaisubiri Kestrel. Mnada ulikuwa wiki tatu mbele.

Glenys, mkewe, alikuja jikoni kwangu siku moja, matope yamemkaukia mikononi. Alisema kila asubuhi wanakwenda lamboni na kamba, wanavuta, ng'ombe anawatazama tu. Alilia, nami nikalia naye. Nilikwenda kumsema Royce, nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu kwa upole kwamba huwezi kuwakabidhi ng'ombe wa bibi yako kwa gari usilolijua. Nilirudi nyumbani nimekasirika hata chai hainyweki.

Siku ya mnada akina mama wa kanisa walikuwa wanauza soseji ndani ya mkate kama kawaida, lakini watu hawakuwa na maneno mengi. Royce alikwenda moja kwa moja kwenye Kestrel. Alifungua boneti, akanusa mafuta ya injini, akalala chini vumbini akachungulia. Alipoinuka alikuwa anatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu tangu ukame uanze.

Kasoro ilikuwa juu, si chini. Kati ya kebini na bodi ya nyuma kuna nafasi, nayo lazima iwe sawa juu na chini. Kwenye ile ya Barry, juu ingepita ngumi, chini hata kidole kisingeingia. Kila mwanamume pale aliiona, na wote walitazama buti zao. Huku mtu hakosoi vitu vya marehemu uani kwake, mjane akiwa amesimama. Ni adabu, na siku ile niliichukia adabu hiyo. Royce naye aliiona, akasema kwa sauti kwamba ni boliti tu zimelegea.

Noelene akaweka chini kikombe chake.

"Si boliti, Royce. Imevunjika mgongo. Barry aliweka mipira ya upepo kwenye springi za nyuma ili isikae chini, akajaza tangi la maji bodini, akafunga na trela. Shimo moja tu, chesisi ikajikunja."

"Barry asingependa useme hivyo."

"Barry hayupo. Ng'ombe wako bado wapo?"

Royce alivua kofia, akaivaa tena, akahamia kwenye Tamora.

Dalali alipoita bei, Royce akanyanyua kidole, na wanaume wote wakatia mikono mifukoni. Wafanyabiashara wawili waliotoka mbali walitazamwa mpaka nao wakanyamaza. Jirani mmoja akamtania kwamba baba yake anageuka kaburini. Royce akasema, "Ageuke. Akimaliza aje anisaidie kupakia."

Tulimfuata mpaka kwake, mimi na mume wangu, trela likiwa limeshafungwa nyuma ya Tamora. Glenys alikuwa ukingoni mwa lambo, tope limefika mapajani. Hakulitazama gari. Alisema usiku uliopita wengi walikuwa wameingia kutafuta maji, na waliobaki wanaoweza kusimama ni sita.

Wale sita tulijaribu kuwapandisha trelani. Wanne walipanda. Wawili walipiga magoti kwenye ubao wa kupandia wakagoma kuinuka, na mume wangu akaenda kuchukua bunduki.

Kisha Royce akalitoa trela nyuma ya gari, akarudisha Tamora kinyumenyume mpaka ukingoni, akafunga mnyororo. Akawatoa wote mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, na walio hai hawakuwa na nguvu za kukaa hai. Gari halikuteleza, halikuchemka. Kila alipomtoa mmoja alishuka, akafungua mnyororo, akasema, "Linavuta vizuri." Akarudi, akafunga mwingine. "Linavuta vizuri." Alisema hivyo mchana kutwa, mpaka Glenys akamshika mkono akamwomba anyamaze.