Wazee Walifunga Kitabu Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, tarehe 16 Machi 1964. Siku hiyo kanisa letu la Msambweni lilimshitaki punda.

Punda wa kitabuni.

Mke wangu Kadzo alilelewa na bibi mmoja Mzungu wa misheni, aliyemsomea kitabu cha hadithi. Humo kulikuwa na nchi chini ya kisima, malkia mchawi, na punda mweupe asemaye. Uhuru ulipoingia, bibi akafunga mizigo, kitabu akamwachia Kadzo.

Kadzo akawa anawasomea watoto wa Jumapili.

Maneno yakafika kwa Mwinjilisti Ngala. Kikao kikaitwa. Na mimi nilikuwamo, mzee wa kanisa, ingawa kusoma kwangu ni kwa kuungaunga herufi.

"Mwalimu Kadzo, mnyama asemaye si jini huyo?"

"Hata katika Maandiko yumo punda aliyesema, Mwinjilisti. Hakuitwa jini."

Mzee Kalama akacheka, akajifanya anakohoa.

"Utotoni nilikipenda kwa vituko vyake," Kadzo akasema. "Sasa nimekirudia nikiwa nimebatizwa, namwona Bwana mle ndani. Kisomeni chote, ndipo mnihukumu."

Ngala akasoma kwa sauti. Jua likageuka, bado anasoma.

Ukurasa wa arobaini na moja, malkia anamchinja punda. Watoto wa hadithini wanalia. Mchawi anacheka.

"Imetosha," sauti ikasema.

Kitabu kikafungwa.

"Ukurasa mmoja tu, wazee wangu," Kadzo akaomba.

"Kikao kimeamua, mama."

Akatengwa. Meza ya Bwana asiikaribie, watoto asiwafundishe, jina likafutwa daftarini.

Mwezi wa nane homa ikamchukua. Kengele haikupigwa. Kaburi walichimba majirani zetu Waislamu. Mishi, wa nyumba ya pili, akaniletea uji, akasimama mpaka nikaumaliza.

Sikulia. Niliosha bakuli, nikalirudisha.

Kisha nikakitoa kile kitabu. Nikasoma kwa kidole, silabi kwa silabi, nikiitafuta dhambi ya mke wangu. Ilinichukua miezi saba.

Ukurasa wa arobaini na mbili: kumepambazuka, punda amesimama, kovu shingoni, anamwita mtoto kwa jina. Alikuwa amekubali kuchinjwa ili malkia amwachilie mtoto yule.

Nikampelekea Ngala. "Soma hapa. Kisha lirudishe jina la Kadzo."

Akasoma akiwa amesimama mlangoni. Akasoma tena.

"Boga, ndugu yangu, uamuzi wa kikao haufumuliwi."

"Hata mkikosea?"

"Nenda nyumbani, Boga."

Wakubwa ndivyo walivyo. Wakishakalia kiti, kukosea ni kwa wengine. Nimelisema hilo miaka zaidi ya hamsini, na bado nalisema.

Ila lipo moja sijapata kumwambia mtu.

Aliyesema "imetosha" ni mimi.

Nilimwona mke wangu amesimama mbele ya wanaume kama mwizi wa kuku, nikataka yaishe, twende nyumbani. Ngala aliitikia tu. Kadzo alinitazama mimi kwanza, ndipo akaomba ukurasa mmoja.

Basi nawe ukipewa kiti cha kuamua, soma mpaka mwisho, hata kama uso unawaka kwa aibu.

Na wachungaji wanne waliopita hapa nimewauliza: watu waliofunga hadithi kwenye Ijumaa Kuu yake, Pasaka ilipofika walikuwa wakiimba nini?