Waipa za Kaka Festo na Njia ya Tunduru

Niliondoka Songea kwa sababu moja tu, kuuona uso wa dada yangu kabla hajazikwa. Ndugu zangu mliobaki nyumbani mmekuwa mkiniuliza kwa zamu ilikuwaje nikamkosa, na mimi nimechoka kujibu. Naandika mara moja, kila mtu asome.

Dada Skola aliolewa Tunduru na Rajabu, mfanyabiashara wa korosho. Akasilimu, akaitwa Zaina, baba akanuna miaka, kisha akakunjuka. Alfajiri ile Rajabu alipiga simu akilia kwamba mwenzake amefariki usiku na watamzika baada ya sala ya adhuhuri. Sisi kwetu maiti hulala, watu wakakesha wakiimba, hata anayetoka Dar es Salaam akamkuta. Kwao hawaweki. Tena wanawake wao hawaendi makaburini. Kwa hiyo mimi ilinibidi nifike nyumbani kabla mwili haujatolewa, basi. Baada ya hapo sina pengine pa kumwona.

Saa mbili asubuhi, Songea. Kaka yetu Festo alinipitia na gari lake, linang'aa kama sahani ya mgeni. Mnamjua na gari lile. Kila Jumamosi hulipeleka kuoshwa, na vijana wakimaliza yeye mwenyewe huchukua kitambaa chenye dizeli, akapaka matairi, mipira ya milango, na waipa. Anasema dizeli inarudisha weusi. Kiangazi chote waipa zile hazikuonja tone la mvua. Zilikula jua, vumbi la Mpitimbi anakolima, na dizeli ya kila Jumamosi. Nilipozigusa, mpira ukanata kidoleni na kuniachia masizi, nikamwambia kaka, hizi zimeoza.

"Ni mpya hizo," akasema. "Huoni zinavyong'aa?"

Tulipoikaribia njia ya kwenda Hanga, mbele kulikuwa kweusi. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, na ilikuja bila kubisha hodi. Festo akawasha waipa. Badala ya kufuta, zilipaka. Mafuta na vumbi vikachanganyika na maji, kioo kikawa kama tumekimwagia uji. Akaongeza mwendo wa waipa, zikazidi kulia na kutetemeka, na upande wa dereva ule mpira ukachomoka, ukaanza kupigapiga nje mfano wa utumbo wa kuku. Sasa chuma kitupu kikawa kinakwaruza kioo. Lori likatupita kwa upande, hatukuliona mpaka lilipokuwa sambamba nasi. Festo akasimama pembeni, na mimi nikaanza kulia, si kwa msiba tena, kwa hasira.

Namtumbo tulifika tukitambaa, kaka akiwa ametoa kichwa dirishani, shati limelowa. Tukaingia dukani kuuliza waipa. Muuzaji alikuwa nazo, lakini Festo hakujua gari lake linavaa urefu gani. Miaka yote analipendezesha, hajawahi kuzipima. Akachukua mbili zinazolingana, kumbe ya dereva ni ndefu na ya abiria ni fupi. Alipowasha, zikagongana katikati na kunasana. Tena kishikio chake hakikuwa cha aina ile, ikabidi azifunge kwa kamba ya mpira wa tyubu. Mama mmoja aliyekuwa anauza tumbaku barazani alitupatia jani moja, akasema tulisugulie kwenye kioo ili maji yateleze. Tulisugua. Yaliteleza kwa muda, na kwa muda huo nilimwombea heri mama yule. Kisha mvua ikakaza, kamba ikakatika, tukakaa ndani ya gari tukiangalia kioo cheupe. Simu ya Rajabu ilikuwa inaita. Festo akanipa mimi nijibu.

Nilimwambia tumenaswa na mvua. Akauliza mvua gani, kwao jua ni kali. Nikamsihi awaombe wasubiri. Akasema ataomba.

Baada ya adhuhuri mvua ilipungua, tukaondoka. Kabla hatujaingia Tunduru lami ilikuwa kavu kabisa, vumbi linapepea, na gari letu lilikuwa na michirizi ya tope mpaka juu. Watu wakatuangalia. Ukieleza kwamba umecheleweshwa na mvua mbele ya watu wanaojipepea kwa joto, unaonekana mwongo hata kama shati linachuruzika.

Nyumbani kwa Rajabu walikuwepo wanawake peke yao, wameketi mikekani. Wanaume walikuwa wametoka na jeneza muda si mrefu. Kijana mmoja aliyebaki mlangoni akamshika Festo mkono, wakakimbilia makaburini, na nasikia alifika, akatia udongo wake kama wengine. Mimi nilivua viatu. Nikamwamkia mama mzazi wa Rajabu shikamoo, akaitikia, akanivuta nikae karibu yake.

"Tulimwacha uso wazi kwa ajili yako, mwanangu," akasema. "Tukawazuia wanaume. Wakaja mara ya kwanza, tukawazuia. Wakaja tena. Mwisho nikamfunika kwa mkono wangu mwenyewe."

Rajabu aliporudi alisimama mbele yangu, macho yamemvimba. "Mlamu," akaniita, kama tunavyoitana mashemeji huku kwetu, "nisamehe. Niliomba mpaka wakanikasirikia." Yeye ndiye aliyefiwa, na yeye ndiye aliyeomba msamaha. Kaka yangu alikuwa nje anafuta tope.

Kesho yake, kabla ya kurudi, fundi wa Tunduru alipima kila upande kivyake, akachagua waipa zenye kishikio kinachokaa. Alikunja mpira kuona kama unarudi bila nyufa, akamwambia Festo azioshe kwa maji ya sabuni tu, asiziwashe kwenye kioo kikavu chenye vumbi, na azibadili kabla ya masika bila kungoja zichanike. Mafuta ya aina yoyote, akasema, mwiko. Festo aliitikia kila neno. Tulirudi Songea bila tone la mvua. Waipa mpya zililala kimya juu ya kioo safi.

Jumamosi iliyofuata nilipita kwake. Gari lilikuwa limetoka kuoshwa, naye alikuwa ameinama mbele ya kioo na kitambaa chake. Nilisikia harufu ya dizeli tangu getini.

"Zimepauka na safari," akaniambia, "nazirudishia weusi."

Nilizichomoa zote mbili mbele yake, nikaondoka nazo. Ziko kwangu, juu ya kabati, pembeni ya kanga ya dada niliyopewa na mama mkwe wake. Mnaomhurumia Festo kwamba mvua imeanza na gari halina waipa, mwambieni anajua ninapokaa.