Walipoandika Kwamba Nyumba Yangu Haina Mtu

Walipokuja kuithamini nyumba yangu mimi nilikuwa Sur, kwa dada yangu. Dada alianguka bafuni akavunjika nyonga, na watoto wake wote wana kazi, basi nikaenda kumwangalia. Nilikaa kwake wiki tatu. Niliporudi kwangu Ibra, huku Omani, nilikuta ukuta wa mbele, pembeni ya mlango, umepakwa namba kwa rangi nyekundu, na karatasi imesokomezwa kwenye komeo.

Habari ya barabara tulikuwa nayo muda mrefu. Njia mpya ingepita upande wetu wa mji wa zamani, nyumba chache zilizobaki zivunjwe, na kila mwenye nyumba alipwe fidia kwa kadiri ya thamani ya nyumba yake. Mimi sikuwa na ugomvi na barabara. Mtaa wenyewe ulikuwa umekwisha kuhama. Watu walijenga kule juu, kwenye viwanja vipya vilivyopimwa, na nyumba za udongo walizoziacha zikawa zinaanguka moja moja kila inaponyesha. Usiku taa ilikuwa yangu peke yake. Nilijua siku moja na mimi nitaondoka.

Karatasi niliisoma nimesimama, mkoba bado begani. Kiarabu cha ofisini nakijua, nilikuwa mkunga hospitalini mpaka nilipostaafu, na fomu nimejaza nyingi. Walieleza ukubwa wa kiwanja, unene wa kuta, hali ya paa. Chini yake neno moja: *mahjur*. Imehamwa. Haikaliwi na mtu, kwa hiyo thamani yake ni ya kiwanja na kifusi. Na sababu walizitoa: wamekuja mara mbili wakakuta pamefungwa, hapana gari, na umeme unaotumika ni mdogo mno kwa nyumba yenye watu.

Niliingia nikakaa kwenye kiti cha ukumbini bila ya kuvua buibui. Sikulia. Nilikuwa naona haya, kama mtu aliyekutwa na jambo la aibu.

Maana la umeme lilikuwa kweli. Tulipotoka Unguja mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, na nyumba hii baba aliinunua miaka michache baadaye. Alipokufa baba tukabaki na mama, kisha nikaolewa, nikafiwa na mume, nikarudi kwa mama na mwanangu mmoja. Mama alikufa akiwa mzee sana, mikononi mwangu, katika chumba cha mashariki. Baada yake nilianza kufunga vyumba. Kwanza kile chake. Halafu cha mwanangu, aliyekwisha kuhamia Maskati. Halafu sebule ya wageni. Mwisho nikawa naishi chumba kimoja na jiko, na kiyoyozi nakiwasha baada ya adhuhuri tu, jua linapokuwa kali. Bili ikija ndogo nilikuwa nafurahi. Kumbe kule ofisini mtu alikuwa anaiangalia bili ile ile akisema: hapa hapana mtu.

Nikampigia mwanangu.

"Mama, si ndiyo heri?" akasema. "Chukua watakachokupa, njoo ukae na sisi. Chumba kipo."

"Wameandika kwamba sikai hapa."

"Ni neno la ofisini tu, mama."

"Neno ni lao, lakini anayesemwa ni mimi."

Nyuma yake nikasikia watoto wake wanasemeshana kwa Kiingereza. "Basi kata rufaa," akasema. "Lakini usijichoshe."

Asubuhi ya pili nilikwenda ofisi ya wilaya inayopokea rufaa za uthamini. Aliyenipokea alikuwa binti mhandisi, hajafika miaka thelathini, mwenye sauti ya upole. Akafungua jalada la nyumba yangu kwenye kompyuta, akanionyesha picha walizopiga. Mlango wetu, umepauka. Dirisha la mama, limefungwa. Majani makavu kizingitini, kwa sababu nilikuwa Sur na hakuna wa kufagia. Kusema kweli, na mimi ningeiona picha ile bila ya kuijua nyumba, ningesema imehamwa.

"Khalti," akaniita, kama wanavyoita huku mama mdogo, "rufaa yako tutaipokea. Andika barua, lete kitambulisho. Na ulete shahidi mmoja aliyeingia nyumbani kwako mwaka huu akakuona unakaa."

"Mwanangu alikuja Idi."

"Mwana hafai, ni mrithi. Jamaa hawafai. Jirani, rafiki, mtu yeyote mwingine."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu, khalti. Mtu mmoja tu."

Nikatoka nikakaa ndani ya gari, mikono juu ya usukani, nikaanza kufikiri. Mtu wa gesi huishia mlangoni, mtungi nauviringisha mimi mwenyewe mpaka jikoni. Fundi aliyetengeneza kiyoyozi amekwisha kurudi kwao. Wenzangu wa hospitali hunisalimu sokoni, huniambia tutakuja, nami hujibu karibuni, na sote tunajua. Nusu ya vijana wa mji ule nimewapokea kwa mikono hii. Nimeingia nyumba ambazo hata mashangazi zao hawajaingia, nimewakanda mama zao mgongo, nimewaadhinia watoto pale baba yao yuko safarini. Na mimi sikuweza kumpata mtu mmoja aliyevuka kizingiti changu tangu mwaka uanze.

Alikuwapo mmoja tu ambaye ningeweza kumwendea, na naye ndiye niliyemwonea haya zaidi.

Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta kabla hawajahamia viwanja vipya, mwanamke wa Ibra hasa, rika langu. Mama alipokufa alileta chakula siku tatu za matanga, na baada ya matanga akaendelea. Siku ya kwanza sikumfungulia. Nilikuwa nimelala kitandani kwa mama, namsikia anagonga, naona uzito hata wa kusema "nani". Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akaiacha sahani chini, akaenda zake. Sahani ile niliiosha, nikaiweka kabatini, na sikuirudisha. Kila siku nilisema kesho. Miaka miwili ikapita.

Nilijua pa kumpata. Jumatano Ibra kuna soko la wanawake, wanaouza wanawake na wanaonunua wanawake, na yeye ana mahali pake huko, anauza ubani na ndimu kavu. Nikaichukua ile sahani nikaifunga kwenye kitambaa. Nilipofika alikuwa anampimia mteja. Nikangoja mpaka mteja akaondoka, kisha nikachuchumaa mbele yake, nikaiweka sahani juu ya mkeka.

Akaitazama. "Nilidhani imevunjika," akasema.

"Haikuvunjika. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Akanimiminia kahawa, akanisogezea tende, akauliza hali ya dada yangu, maana habari za Sur zilikwisha kumfikia. Ndipo nikamweleza ya karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua ndimu, mbovu anazitupa pembeni.

"Wanataka mtu aliyeingia ndani?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mimi sijaingia, dada yangu. Siwezi kula yamini kwa jambo ambalo sikuliona."

Aliyasema bila ya hasira, na ndivyo yalivyoniuma zaidi. Nikasema, "Kweli. Huna kosa." Nikaweka kikombe, nikaanza kuinuka. Akanishika ukingo wa buibui.

"Ngoja. Sijamaliza. Mitende yetu si iko kule bado, nyuma ya ukuta wenu? Nakwenda kila siku mbili kuinywesha, zamu yetu ya maji ikifika. Nakuona. Sikuoni wewe, naona nguo zako juu ya dari. Ijumaa unaanika kanga mbili na shuka. Ikifika Jumapili hazijaanuliwa najua unaumwa. Mwaka jana, wakati wa baridi, hazikuanikwa wiki nzima. Nikamuuliza mtu wa gesi: yule mama yu hai? Akaniambia yu hai, kanunua mtungi jana."

Wiki ile naikumbuka. Nilikuwa na homa ya mafua. Nilikunywa maji ya ndimu na kulala, na niliamini kwamba ningekufa pale watu wangejua kwa harufu.

"Kwa nini hukugonga?" nikamuuliza.

"Niligonga mara tatu," akasema. "Kugonga mara ya nne ni kumsumbua mtu."

Tukakaa. Mwanamke mwingine akaja akauliza bei ya ubani, wakabishana, akaenda.

"Kesho nitakuja nyumbani kwako," akasema jirani yangu. "Utanifungulia. Nitaingia, nitatazama, kisha nitakwenda ofisini niseme nilichokiona kwa macho yangu. Hilo naliweza."

Usingizi wa usiku ule ulikuwa mchache. Alfajiri nilifungua vyumba. Cha mama nilikifungua mwisho. Kilikuwa na vumbi na harufu ya karafuu alizokuwa akiziweka kwenye sanduku la nguo. Nilifagia, nikapangusa, nikausaga mchele niliouroweka usiku nikapika mkate wa kumimina, jambo ambalo sikulifanya tangu mazishi, kwa sababu mkate ule haupikwi wa mtu mmoja. Ulishika chini kidogo.

Alikuja saa tatu asubuhi, akagonga mara moja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

Hakukagua kama mpelelezi. Alikaa, akala vipande viwili, akasema sukari imezidi. Kisha akaomba kwenda msalani, na aliporudi alipitia chumba hadi chumba, polepole, akigusa vitu. Aligusa mswaki wangu. Aligusa dawa zangu za presha. Penye kitanda cha mama alisimama akamsomea Fatiha. Kisha akajifunga shela yake vizuri akasema, "Twende ofisini, kabla hawajatoka."

Yule binti mhandisi aliandika maneno yake yote. Ya ndani aliyoyaona asubuhi ile, na ya nguo pia. "Mwaka mzima umeziona?" akauliza. "Miaka miwili," akajibu jirani yangu. Akaweka sahihi, akaniambia ana ndimu juani, akaondoka kwa teksi kabla sijamshukuru vya kutosha.

Kamati ya uthamini ilirudi kwangu baada ya siku kumi, binti yule na bwana mmoja mtu mzima mwenye kipimo cha utepe. Safari hii mlango ulikuwa wazi. Walipima kila chumba. Bwana akauliza ile sehemu ya nyuma, iliyozungushiwa ukuta mfupi, yenye jiko la kuni na bomba, ni ghala au zizi? Nikajibu kwa Kiarabu, lakini jina likanitoka kama tulivyozoea kuliita: "Hapo ni uani."

Binti akainua uso. "Uani," akasema kwa Kiswahili. "Bibi yangu alikuwa nasema ivyo. Yeye toka Pemba. Mimi najua kidogo tu."

"Shikamoo hukufundishwa?" nikamtania.

"Shikamoo, bibi!" akasema haraka, akacheka kwa haya.

"Marahaba, mwanangu."

Ni muda mrefu sikuwa nimelitamka neno lile kwa mtu aliyesimama ndani ya nyumba yangu. Bwana wa kipimo alikuwa anangoja. Binti akainama juu ya ramani akaandika *uani* kwa herufi za Kiarabu, kisha pembeni akaeleza: mahali pa kupikia na kukaa wanawake. Ningependa kusema kwamba baada ya hapo tulizungumza sana. Hatukuzungumza. Alikuwa na nyumba nyingine mbili za kupima, na Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha.

Rufaa ilikubaliwa. Neno *mahjur* lilifutwa, wakaandika kwamba nyumba inakaliwa na mwenyewe. Fidia ilipanda, na kwa kuwa nilihesabiwa mkaaji nikapewa na kiwanja kule juu. Nilipotia sahihi nilitoka nje nikatafuta wa kumwambia. Mwanangu alikuwa mkutanoni. Dada yangu aliipokea simu, akafurahi, kisha akaniuliza mama amesemaje. Tangu avunjike nyonga akili yake imekuwa ikipotea hivyo. Nikamwambia mama amesema alhamdulillahi.

Kwa mwanangu sikwenda. Nimejenga nyumba ya vyumba vitatu kwenye kile kiwanja, mitaa miwili kutoka kwa jirani yangu. Hatukuwa marafiki wa kushibana. Labda tumechelewa, au labda kila mmoja ana haya zake. Jumatano nikienda sokoni nakaa mkekani kwake, tunachambua ndimu, na kuna siku hatusemi maneno kumi. Kiswahili sina wa kusema naye Ibra yote. Nasema peke yangu, jikoni, na sijali tena kama nasikika.

Siku ya kubomoa sikwenda kutazama. Barabara sasa imefunguliwa, pana, na taa njia nzima, na safari ya Sur imekuwa fupi. Kila mwezi napita kwenda kwa dada. Mara ya kwanza nilipunguza mwendo ili nipajue mahali petu. Kilima wamekikata, mitende imeng'olewa, hapana alama. Gari la nyuma likanipigia honi. Nikakanyaga mafuta, nikaenda, na hadi leo sijui ni wapi hasa.